Wenyemti wa Kampemba: Uainishaji wa Awali

Elimu ya mimea imeitazama Katanga kwa jicho moja. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu wamepita katika miombo wakihesabu majani, maganda na mbegu. Muputu wakaupa jina la Kilatini, mutondo wakaupa lake, wakateremka hadi musuku na mupundu. Kiumbe mmoja wamemruka, ingawa hung'ang'ania mti kuliko gome lenyewe, naye ni mwenye mti. Hakuna makumbusho yaliyomhifadhi ndani ya chupa, wala mwanafunzi aliyetunukiwa shahada kwa ajili yake. Andiko hili linajaribu kuziba pengo hilo. Jenasi tumeiita Mwenyemti, na kila spishi tumeitambulisha kwa neno la pili, kama ilivyo desturi tangu siku za Linnaeus.

Uwanja wetu ni Kampemba, moja ya komini saba za jiji la Lubumbashi. Msomaji mkali atauliza msitu uko wapi katika komini ya viwanda, reli na malupango (viwanja vya nyumba) yaliyobanana. Jibu ni kwamba msitu umo ndani ya magunia ya makala, yaani mkaa. Unaingia alfajiri juu ya kinga (baiskeli), magunia yamefungwa kwa kamba mpaka mwendesha kinga haonekani, unashuka penye njia panda, na ifikapo saa sita mchana umekwisha kuwa bukari, yaani ugali. Anayetaka kusoma haki za ardhi na misitu ya mkoa wa Haut-Katanga anaweza kwenda porini akapata miti. Akitaka kuona wenyewe wakiwa wengi na wa kila aina, abaki mjini.

Mbinu yetu ni nyepesi. Mwenyemti hanaswi kwa mtego wala kwa chambo. Mwembe unaweza kusimama katika mtaa wa Bongonga au wa Kigoma miaka 30 ukidondosha embe barabarani, watoto wakiurushia mawe, mbuzi akijikuna shinani, na asiulizwe mtu. Piga shoka mara tatu. Kabla ya pigo la nne vielelezo vimeanza kujitokeza, na kazi ya mtafiti ni kuandika tu nani amefika wa ngapi. Ndiyo sababu spishi zetu hazikupangwa kwa umbo wala kwa ukoo. Zimepangwa kwa saa ya kufika. Mpangilio huo umetupa kanuni ambayo tutaiita Kanuni ya Karatasi: anayefika wa mwisho ndiye mwenye karatasi nzito zaidi.

Anayefika wa kwanza hafiki, kwa kuwa alikuwepo. Huyu ni Mwenyemti kivuli. Utamkuta chini ya mti akiwa na meza ya kubadilisha fedha na kuuza vocha, au kioo cha kinyozi kilichopigiliwa msumari kwenye shina, au sufuria tatu na benchi la wala bukari, au pikipiki iliyofunguliwa injini. Hana hati yoyote. Ana desturi: mama wa bukari yuko upande wa mashariki asubuhi, kinyozi anahamia huko jua likigeuka, na mpaka kati yao hutembea siku nzima bila mpima ardhi na bila ugomvi. Ni yeye anayefagia majani, anayemfukuza mtoto anayechuna gome, anayejua ni tawi gani limeoza na litaangukia nani. Mizani ya kisayansi ingempa nafasi ya juu kabisa katika jenasi. Sheria haimwoni. Mti ukianguka, yeye hukunja meza yake akatafute mwingine, na hakuna daftari litakaloonyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyepoteza kitu.

Anayefuata ni Mwenyemti lupango, ambaye hutoka ndani akiwa bado anafunga kitenge au mkanda wa suruali. Huyu amepanda, au baba yake alipanda, au alinunua kiwanja pamoja na kila kilichoota ndani. Hapa utafiti wetu ulilazimika kuingia katika maandiko matakatifu, yaani Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002. Kifungu cha 7 kinasema misitu ni mali ya Leta, yaani dola. Kifungu cha 8 kinalegeza: msitu wa asili au wa kupandwa, ukiwa ndani ya ardhi iliyotolewa kihalali, ni wa aliyepewa ardhi hiyo. Kifungu cha 9 kinalegeza zaidi: miti iliyo kijijini au kandokando yake ni ya kijiji, na iliyo ndani ya shamba ni ya mwenye shamba.

Sasa tuusimamishe mwembe wetu wa Kigoma mbele ya vifungu hivyo. Mwembe mmoja si msitu, basi cha 7 hakiushiki. Ardhi haikutolewa kihalali mpaka pawepo hati ya kusajiliwa kutoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi, na wengi wana fishi ya kiwanja tu, ile iliyopigwa muhuri na komini. Basi cha 8 kinayumba. Kampemba si kijiji. Na lupango si shamba, ingawa mama mwenye nyumba amepanda matembele mpaka mlangoni, hoja ambayo inaweza kumfaa mbele ya jaji aliyekuja mahakamani bila kula. Mwembe unabaki umesimama katikati ya vifungu vitatu, hauna chochote kisheria isipokuwa embe. Tukiongeza kwamba matawi yake yamevuka ukuta, na jirani anayeokota embe kila asubuhi ana hati kamili huku mwenye shina ana fishi, tutaelewa kwa nini ofisi ya shefu wa kartie ina benchi refu.

Mwenyemti waya tutampitia haraka, kwa kuwa naye hupita haraka. Huja na ngazi na panga kwa niaba ya nyaya za umeme, hukata nusu ya mti iliyo upande wa barabara, na huacha matawi pale yalipoangukia ili umeme, siku utakapoamua kuja, usikute kizuizi.

Halafu anafika Leta.

Mwenyemti leta ndiye spishi pekee yenye visukuku vilivyohifadhiwa vizuri. Tabaka la chini kabisa ni amri ya tarehe 1 Julai 1885, ya Dola Huru ya Kongo chini ya Leopold wa Pili, iliyotangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya dola. Utupu ulipimwa kwa macho ya mgeni: konde lililopumzishwa lilikuwa tupu, pori la kuchimba mizizi ya dawa lilikuwa tupu, na uwanja wa kuokota vinkubala, viwavi wa kuliwa, ulikuwa mtupu kupita vyote. Juu yake kuna tabaka la mwaka 1900, Kamati Maalumu ya Katanga, iliyogawa ardhi ya huku kama mwenye duka anavyogawa kitambaa. Mwaka 1910 mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ukazaliwa juu ya ardhi ya Walamba, mwaka uleule ambao reli ilifika kutoka kusini, na mwaka uliofuata tanuri la shaba la kampuni ya Union Minière likawashwa. Tabaka la uhuru lina tarehe mbili: 7 Juni 1966, sheria ya Bakajika ilipoirudishia Kongo haki juu ya ardhi, misitu na madini yaliyogawiwa kabla ya uhuru; na 20 Julai 1973, sheria ya ardhi iliposema kwamba ardhi yote ni mali ya Leta peke yake, haiuzwi na wala haipotei kwa kupitwa na wakati.

Mwanasayansi makini atagundua kwamba kisukuku cha 1885 na kiumbe hai wa 1973 wana mifupa ileile. Bendera ilibadilika, na aliyeambiwa kwamba ardhi yake si yake alibaki palepale. Sheria ya 1973 ilimkumbuka kidogo, katika vifungu vya 387 hadi 389: ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji nazo ni za Leta, na haki za kuzitumia zitapangwa kwa ordonansi ya Rais. Miongo minne ilipita na ziada, ordonansi haikutoka. Mtu aliyeahidiwa mwaka 1973 alizeeka akisubiri. Kwa upande wake, Mwenyemti leta hajulikani kuzeeka. Hula karatasi, huzaliana kwa mihuri, na mlio wake husikika kwa urahisi: “Hii ni ya Leta.” Mwili wake haujawahi kuonekana. Wanaoonekana ni wajumbe wake, na kila mjumbe hukana kumjua wa jana.

Mpaka hapa tumebaki ndani ya jiji. Ili kupata spishi zilizobaki inabidi kulifuata gunia kinyumenyume, kutoka Kampemba hadi lilikotoka.

Ukitoka mjini unaingia katika teritwari ya Kipushi, kwenye ardhi za machifu, mmojawapo akiwa Kaponda wa Walamba, ambaye uchifu wake unalizunguka jiji lililoota juu ya ardhi ya mababu. Mwenyemti shefu ana tatizo la kipekee katika jenasi hii, yaani makazi yake hupungua kila mwaka bila yeye kusogea. Jiji ndilo linalosogea. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inamtambua chifu wa kimila kama mamlaka, lakini ardhi anayoiamulia ni ya Leta, kwa hiyo anatoa asichokuwa nacho kwa watu wasiokuwa na pengine pa kwenda kukiomba. Anayemwomba kwa bidii zaidi siku hizi ni spishi ngeni, Mwenyemti wikendi. Huyu hukaa jijini siku sita na siku ya saba huwa mkulima. Hununua hekta nyingi, hujenga lango kabla ya kujenga nyumba, huweka mlinzi, na miti iliyomo hugeuka makala ya kulipia uzio. Mwanakijiji aliyekuwa akiokota uyoga pale hugundua siku moja kwamba sasa yeye ni mvamizi. Katika kuandika haya tumejizuia kutaja vyeo vya wenye malango hayo, kwa sababu za kitaaluma.

Chini ya wote hao analala Mwenyemti mizizi, mwenye leseni ya mgodi. Sheria ya Migodi ilitangazwa tarehe 11 Julai 2002, wiki saba kamili kabla ya ile ya misitu, na wiki hizo saba zinaonekana mpaka leo katika ramani. Ramani ya migodi imegawa nchi nzima kwa miraba ya hekta 84.955 kila mmoja, sawasawa, bila kujali kama juu yake kuna kijiji, makaburi au mitondo. Mwenye mraba hana haja na mti. Haja yake ni kile ambacho mti umekikalia, na mti wenyewe kwake ni kama kofia kichwani mwa mtu anayetaka kunyolewa.

Spishi inayohama imetusumbua zaidi, hasa Mwenyemti mukula. Kwa vizazi vingi mukula ulikuwa mti miongoni mwa miti, wenye utomvu mwekundu uliotumika kwa rangi na dawa. Soko la China lilipoupenda, watu ambao hawakuwahi kulitamka jina lake walijitokeza kuwa wenyewe, kuanzia pande za Kasenga hadi mpaka wa Zambia. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori ya magogo hayo yaliyotoka Kongo, na kwa muda mfupi wenyemti wakawa wengi kuliko miti. Agosti 2019, mjini Geneva, mkataba wa CITES ukauingiza mukula katika Kiambatisho cha Pili, yaani hauvuki mpaka bila kibali kinachothibitisha kwamba biashara haiumalizi. Vijiji vilivyokuwa na mti huo vilipata barabara mbovu zaidi kuliko vilivyokuwa nazo, kwa kuwa malori yalikuwa mazito.

Sasa tunafika kwa spishi adimu, na hapa tunaomba msomaji apunguze mwendo. Mwenyemti jamii alitabiriwa na kifungu cha 22 cha sheria ya 2002: jamii ya wenyeji inaweza kuomba ipewe, kama miliki ya msitu, sehemu au yote ya misitu inayoishikilia kwa mila. Kama sayari zilizopigiwa hesabu kabla ya kuonekana, alisubiri miaka 12. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza jinsi ya kumpata, na agizo la waziri la tarehe 9 Februari 2016 likaeleza jinsi ya kumtunza. Sifa zake kwenye karatasi ni za ajabu kwa yeyote aliyezoea Kongo: msitu hutolewa bure, hutolewa milele, na unaweza kufika hekta 50,000. Gavana wa mkoa ndiye anayetia sahihi. Jamii inatakiwa ijitambulishe, iwataje wawakilishi wake, ichore ramani ya eneo kwa kukubaliana na majirani, kisha tangazo libandikwe ili mwenye pingamizi aseme.

Tulimwainisha kwa shida kwa sababu anavunja Kanuni ya Karatasi. Huyu ni mtu wa kwanza kufika, aliyekuwepo kama yule wa kivuli, na papo hapo ana karatasi nzito. Tangu 1885 hakuna aliyewahi kuwa na vyote viwili. Hiyo ndiyo maana ya dekreti ile, na kwa maoni ya mwandishi ni jambo la busara kupita yote yaliyowahi kusemwa kisheria juu ya misitu ya nchi hii, likiwa limesemwa kwa sauti ndogo. Katika kusini-mashariki ya Katanga shirika la FAO lilisaidia vijiji vya miombo kufuata njia hiyo, na misitu ya jamii imeanza kuandikishwa.

Udhaifu wake nao uandikwe. Kuchora ramani kunahitaji kifaa, usafiri na mtu wa ofisini anayejibu. Kijiji kisicho na rafiki kutoka nje hubaki na kifungu cha 22 kama mtu aliyeshika tiketi ya treni isiyokuja. Halafu ipo hatari ya kuzaliwa shefu mdogo ndani ya jamii: wawakilishi watano wenye muhuri, na wengine mia tano wanaopata habari kwa moshi. Na zaidi ya yote, karibu na jiji, ambako shoka ni kali, karatasi inakuja kulinda visiki.

Lakini visiki vya miombo havijafa. Mutondo na muputu ikikatwa huchipua tena kutoka shinani, na ikiachwa bila moto mwingi na bila jembe, itakuwa pori tena baada ya miaka 20 au 30. Suala la nani ana haki ya kusubiri miaka hiyo ndilo suala zima. Mchoma makala aliyepewa ruhusa ya msimu mmoja hana sababu ya kusubiri. Mwenye wikendi atalima mahindi. Mwenye mraba atachimba. Ni yule tu aliyeandikiwa milele ambaye chipukizi lina faida kwake, na ndiyo maana neno hilo moja la dekreti lina thamani kuliko semina kumi za kupanda mikalitusi.

Imebaki spishi ambayo haifiki kabisa pale shoka linapolia, na kwa hiyo mbinu yetu nzima ingeikosa. Mwenyemti mbabula, mwenye jiko la makala, haonekani porini. Anaishi Bel-Air, Hewa Bora, Bongonga, kila nyumba yenye sufuria. Katika tanuri la udongo kilo moja ya makala hula kilo tano mpaka kumi za kuni, kutegemea ustadi wa mchomaji na unyevu wa magogo, kwa hiyo gunia moja linaloegemezwa ukutani Kampemba ni miti kadhaa iliyoegemezwa ukutani. Anayelinunua ana mamlaka juu ya msitu kuliko chifu, kuliko gavana, kuliko vifungu vyote tulivyovisoma, na hajui kwamba anayo. Tusimlaumu upesi. Maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yanatoa umeme tangu 1930, lakini yalijengewa mitambo kwa ajili ya migodi, na utaratibu huo wa nani anawashiwa kwanza haukubadilika sana. Mama anayepuliza mbabula anaona nguzo kutoka mlangoni pake, tena ni ileile ambayo Mwenyemti waya aliikatia matawi. Sera yoyote ya misitu ya Haut-Katanga isiyoanza na waya huo ni elimu ya mimea tu.

Kuna kielelezo tulichoshindwa kukiweka popote. Mvua zikianza, sokoni huletwa masuku, halafu uyoga, halafu vinkubala vilivyokaushwa, vikipimwa kwa kopo. Sheria ya Misitu inawaruhusu wenyeji kuviokota kwa matumizi yao, na inawakataza kuviuza, isipokuwa matunda na mazao yaliyomo katika orodha inayowekwa na gavana wa mkoa. Tulimwuliza mama mmoja muuza vinkubala kama bidhaa yake imo katika orodha. Akauliza orodha hiyo inakaa wapi. Tukamweleza. Akatuuliza tena kama tunanunua, au tumekuja kwa niaba ya huyo mwenye orodha, kwa sababu mtu wa kodi ya soko alikwisha kupita asubuhi na risiti anayo. Tulinunua makopo mawili.